Kitu ya Zamani ya Mbithe

Benchi letu hapa Kathonzweni, kando ya birika la kahawa la Abdulatif, lina watu wanaojua kila kitu isipokuwa kufanya kazi. Mimi nimo, sijitoi. Asubuhi moja tukaona kioja: Mzee Ndululu, tunayemwita Skrapu, anavutwa mkono na mjukuu wake Mbithe wa chekechea, PP2, wanaelekea shule. Mzee alikuwa mchongaji hodari mpaka mikono ikaanza kutetemeka. Tangu hapo anatuambia anangoja tu lori la vyuma kuukuu lije limbebe. Basi kahawa ikamiminwa, kesi ikaanza.

— Ameshikwa huyo, akasema Kisilu, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kuuza mandazi kortini. Siku hizi mtoto akikosa homework, wanashika babu.

— Uwongo! Sheria gani hiyo? nikamuuliza.

— Sheria mpya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu ya Skrapu ni mbaya tayari.

Gedion, Pasta wetu asiye na kanisa, akatikisa kichwa.

— Wanamwandikisha PP2. Uji iko. Samaki mkunje angali mbichi!

— Mbichi na miaka sabini na nane?

— Mkavu, sawa. Watamloweka.

Abdulatif akaweka birika chini.

— Jamani, Najma wangu yuko darasa hiyo. Mwalimu Nduku alituma meseji: kila mtoto alete kitu ya zamani kutoka nyumbani.

Tukatazamana. Watoto wengine walibeba pasi za makaa na redio za mbao. Mbithe alibeba babu.

— Ai! Wakili akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Amepeleka skrapu mzima mzima!

Mimi sikucheka. Nilimwonea mzee uchungu, nikajua aibu hiyo itammaliza.

Saa sita tukasikia kelele. Darasa zima linakuja barabarani, kila mtoto ameshika kibuyu kidogo chenye mbegu za mbaazi, kimezibwa kwa katani. Mbele yao Ndululu, kibuyu kila mkono, na mikono ni ile ile.

— Waliuliza zamani maji ilibebwa na nini, akatuambia, hata kuketi hataki. Nikawaonyesha kukata kibuyu, nikawaonyesha kushona ufa. Tukatia mbegu, vile ziliwekwa zamani. Halafu mikono ikaanza maneno yake, mbegu ikalia! Watoto wakasema, "Babu, tufundishe kutetemeka!"

Akacheka, machozi yanamtiririka.

— Arobaini wanatetemeka sasa! Na mwalimu ni mimi!

Tukasimama tukapiga makofi. Pasta akacheza mpaka kofia ikaanguka. Nilifurahi, na jina la Skrapu likakosa wa kulitaja.

Ndipo Mbithe akaja mbele ya benchi, akatukagua mmoja mmoja.

— Mwalimu amesema Ijumaa tulete kitu ingine ya zamani. Nyinyi mnajua kufanya nini?

Wakili akamwangalia Pasta. Pasta akaniangalia mimi. Mimi nikamnyooshea Abdulatif kikombe.

— Kahawa imeisha, akasema.