Mtaa Wenye Maji Safi Kuliko Yote

Asubuhi ile benchi lilijaa kabla kahawa haijaiva. Benchi lenyewe ni mbao zimelazwa juu ya matofali, limeegemea ukuta wa gereji, na tofali la mwisho limelika, kwa hiyo anayekaa huko lazima akanyage chini kwa nguvu, la sivyo wote wanateleza kumfuata. Mbele ya benchi kuna mtaro. Ndani ya mtaro, katikati ya maji meusi ya gereji, limelala bomba la maji ya kunywa, limefungwa viraka vya mpira wa baiskeli kila lilipopasuka, hata ukilitazama vizuri ni viraka zaidi kuliko bomba. Mwenye kahawa ni mama mmoja mwembamba wanayemwita Birika, jina lake halisi linajulikana na kitambulisho tu. Siku hiyo Birika hakuwa na raha. Jana jioni mtu wa Bodi ya Maji alikuja na gundi, akabandika tangazo ukutani, juu kidogo ya vichwa vya watu, lina muhuri wa kijani. Linasema maji ya mtaa huu yamepimwa, ni salama kwa kunywa, tena ni masafi kuliko ya mitaa yote jirani, na kwa sababu hiyo mtaa umeondolewa kwenye mpango wa kuwekewa mabomba mapya.

Antena ndiye aliyelisoma kwa sauti. Yeye anatengeneza simu kwenye kibanda cha pembeni, na habari zote zinamfikia kwanza, za kweli na za kujitungia.

— Masafi kuliko yote! akarudia. Jamani, si jana tu nimefungua bomba likakohoa?

— Likakohoa vipi?

— Likakohoa kama mtu. Halafu likatema kitu cha rangi ya chai. Mwisho likatoa kijiti.

— Shukuru, akasema Wakili. La kwangu lilitoa unyoya.

Wakili si wakili. Zamani aliitwa mahakamani kuwa shahidi wa mbuzi aliyegongwa na pikipiki. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa, mpaka mwenye mbuzi mwenyewe akachoka. Wakili akatoka na koti alilokuwa amevaa na maneno aliyoyaokota huko, na vyote viwili anavyo mpaka leo.

— Tulisome kisheria, akaendelea, akisimama kulikaribia tangazo. Hapa wameandika "salama kwa kunywa". Kwa kunywa nani? Hawajasema. Inaweza kuwa ng'ombe. Ukienda kulalamika wanakwambia, mzee, tulimaanisha ng'ombe.

— Keti, unatutelezesha sisi wote, akasema Mzee Breki.

Mzee Breki ameendesha malori tangu ujana mpaka macho yakamkatalia. Anakaa upande wa tofali bovu kwa sababu mguu wake wa kulia, anasema, haujawahi kumwangusha.

Birika alimimina kahawa. Mwanawe wa mwisho alikuwa nyumbani, amelala kwenye mkeka, tumbo limemwendesha tena. Kila akipata nafuu akaanza kurudi shule, anasahau, anakunywa bombani na wenzake, wanaanza upya. Nesi wa zahanati alishamwambia waziwazi: mama, dawa nitakupa, lakini ugonjwa unao pale mtaroni. Ndiyo maana Birika aliyasubiri yale mabomba mapya kama mtu anayesubiri mgeni wa mbali. Alishaanza hata kuwaonyesha watu yatakapopita.

— Mimi nawaambia kilichotokea, akasema Antena, akishusha sauti ili wote wasikie. Chupa zilibadilishwa njiani. Yule kijana wa kupima aliondoka hapa na maji yetu, akafika maabara na maji ya nyumbani kwa mkurugenzi.

— Umeona?

— Sijaona, lakini naijua dunia.

— Hoja ni hii, akasema Wakili. Nani anauza maji? Bodi. Nani anapima maji? Bodi. Nani anapiga muhuri? Bodi. Huo mtihani gani, mtu anajitungia, anajibu, anajisahihishia, halafu anakuja kutuonyesha sisi maksi?

Hapo hata Birika alitikisa kichwa kukubali. Wakili akaona amekubaliwa, akaharibu.

— Kwa hiyo tuwashtaki! Na tukishindwa, tuishtaki kutu yenyewe. Iitwe ijieleze.

— Nyie hamjui vijidudu, akasema Mzee Breki. Mimi nimeendesha lori miaka. Ukiona askari mbele, unafanyaje?

— Unapunguza mwendo.

— Unafunga mkanda, unatoa mkono dirishani, unakuwa mtu mwema. Ukishampita?

— Unakanyaga mafuta.

— Sasa kijidudu ni mjinga? Kinaona koti jeupe, kinaona kisanduku cha barafu, kinatulia kimya chini ya chupa. Kinapimwa. Safi! Kikirudi huku kinatukanyaga.

— Hakirudi, mzee. Chupa imeenda maabara.

— Kina ndugu zake. Wanapeana habari.

Antena hakupenda kuzidiwa. Akaweka kikombe chini.

— Nisikilizeni. Maji yanaingia mtaani kwetu machafu, si ndiyo? Yanafika mitaa ya kule bondeni, wenzetu hawaumwi. Katikati pana nini?

Watu wakafikiri.

— Pana sisi! akasema Antena. Sisi ndio chujio! Uchafu wote unabaki kwenye matumbo yetu, wao wanakunywa yaliyochujika. Bodi wanajua. Ndiyo maana hawataki bomba jipya. Mtambo wanao bure.

— Lo! Mzee Breki akashika tumbo lake kama mtu aliyegundua ameajiriwa.

— Na kahawa hii mnakunywa ya maji gani? Birika akauliza, maana alishachoka.

— Hiyo imechemka, dada, haihesabiki. Niongezee.

Akaongeza. Lakini ukweli Birika hakuwa anawasikia vizuri. Kuna jambo lilikuwa linamwasha tangu jana, tangu aone ule muhuri. Wiki iliyopita, siku ile kijana wa kupima alipopita, mabomba yote yalikuwa makavu. Kijana alikuwa amechoka, jasho limemloanisha koti, na ana mitaa mingine mbele yake. Akabisha hodi mlangoni kwa Birika, akasema kwa adabu: naomba maji mnayokunywa. Birika akafanya nini? Akatoa jagi la kioo, lile la wageni. Akalijaza maji aliyoyachemsha, akayapoza, akayachuja kwa kitambaa cheupe. Akammiminia kijana kwenye kichupa chake, tena akafuta mdomo wa kichupa kwa pindo la kanga. Mtu wa watu amekuja mlangoni na koti jeupe, utamchotea ya kutu kwenye ndoo? Wewe umelelewa wapi? Kijana akashukuru, akaandika namba, akaenda nyumba ya pili.

Sasa anajiuliza: kichupa kimoja, changu mimi, kinaweza kuupendelea mtaa mzima? Haiwezekani. Wenzangu si walitoa ya kwenye ndoo? Akajipa moyo hivyo.

— Kwanza yule kijana mimi nilimpokea vizuri, Mzee Breki alikuwa anasema. Isije ikaonekana ni chuki.

— Hata kwangu, akasema Wakili. Nilimpa kiti.

— Na kwangu akasifia, akasema Antena, halafu akakimbilia kikombe chake.

Ndipo akatokea mwanamke kijana, ndoo mkononi, mtoto mgongoni. Hakuna aliyemjua. Alisimama ng'ambo ya mtaro, akaruka kwa uangalifu, akainama kidogo.

— Shikamooni.

— Marahaba mama, karibu.

— Asante. Mimi mpangaji mpya, hapo nyuma ya gereji, nimeingia juzi. Nimesoma tangazo lenu nikafurahi sana. Kule nilikotoka huyu mtoto tumbo halikutulia hata siku moja, ndiyo sababu nimehama. Sasa nilikuwa nauliza tu: yule mpimaji alichota bomba lipi? Nikachote hapohapo.

Watu wa benchi wakainamia vikombe. Hata gereji, bahati mbaya, ilikuwa imezima mashine.

— Bomba lipi? akarudia Antena, kama mtu anayetafuta muda.

— Ndiyo, kaka.

— Wakili, akasema Antena, si lilikuwa la kwako?

— La kwangu? Mimi siku ile bomba lilikuwa kavu. Wakili akavuta koti lake. Nilimpa... nilimpa ya chupa.

— Ya chupa ipi?

— Ya dukani! Nilimfungulia kizibo mbele yake. Mgeni bwana! Mlitaka nimpe unyoya?

— Mzee?

Mzee Breki alikohoa kama bomba.

— Mimi nilimpa ya mvua. Safi. Nikayachuja kwenye soksi.

— Soksi!

— Mpya! Haijawahi kuona mguu. Wewe Antena acha kunitolea macho, sema ya kwako.

Antena akatazama simu zake, akatazama angani.

— Mimi nina dada yangu nesi, pale hospitali.

— Enhe.

— Nilimkimbilia. Nikamwambia nimepata mgeni wa maana. Akanipa yale maji ya kuchanganyia dawa ya sindano.

Mzee Breki alikanyaga chini kwa nguvu, vinginevyo wangekwenda wote mtaroni.

— Ya sindano! Ndiyo maana tumeishinda mitaa yote!

— Halafu umekaa hapa tangu asubuhi unasema chupa zilibadilishwa njiani!

— Si zilibadilishwa? Nimekosea mahali tu.

— Na mimi nilimpa ya kuchemsha, akasema Birika.

Alisema taratibu, lakini wote wakageuka. Alikuwa ameshika sikio la birika na haliachii.

— Mwanangu yuko ndani anajikunja, na mimi nilitoa jagi la wageni. Aliomba maji tunayokunywa, nikampa tunayojivunia.

Mpangaji mpya alimtazama kila mmoja kwa zamu. Mtoto mgongoni alikuwa amelegeza kichwa, anatafuna kamba ya ndoo.

— Kwa hiyo nichote wapi? akauliza.

Wakili alifungua mdomo, akakosa kifungu.

Birika akainuka. Akachukua glasi, akaenda kwenye bomba la pembe ya ukuta, akafungua. Bomba likakohoa. Akaijaza glasi mpaka juu, akairudisha, akaiweka katikati ya benchi, chini ya muhuri wa kijani. Maji yalikuwa na rangi ya chai, na ndani yake kilikuwepo kitu kidogo cheusi kinazunguka polepole, hakina haraka.

— Haya. Masafi kuliko yote. Nani anaanza?

Mzee Breki akasogea mbali na glasi. Benchi likalia.

— Basi piga simu, Antena. Namba si hiyo hapo chini ya tangazo? Mwambie kijana arudi.

Antena akapiga, akaweka sauti ya nje. Ikasikika sauti ya kike ya ofisini, imechoka.

— Bodi ya Maji. Mna malalamiko?

— Ndiyo, dada. Mmepima maji yetu mkakuta masafi.

— Sasa malalamiko ni nini?

— Ndiyo hayo.

Ikasikika kama anafunika simu amsimulie mtu mwingine.

— Kaka, mnalalamika kwamba maji ni masafi?

— Hayakuwa yetu! akasema Antena. Tulimpa mengine. Yetu ni machafu, tafadhali, naapa, ni machafu kabisa!

— Yana kitu cheusi! Mzee Breki akapiga kelele kwenye simu. Kiandike!

— Haya, akasema dada wa ofisini. Mpimaji yuko mtaa wa pili hapo. Atapita sasa hivi.

Simu ikakatika. Wakatazamana.

— Sasa hivi? akasema Wakili. Na bomba limekaa vile, mdomo umejaa tope? Tulifute kidogo.

— Usiliguse, akasema Birika.

— Sio kudanganya. Heshima tu.

— Tulimwagie hata sabuni pembeni, akasema Mzee Breki. Pembeni, sio ndani.

— Dada yangu leo yuko zamu...

— Antena, ukigusa hiyo simu nakumwagia hii kahawa.

— Kahawa imeisha, dada.

Ilikuwa imeisha kweli. Mpangaji mpya hakungoja wamalize. Alikwenda mwenyewe akasimama mbele ya bomba, akatua ndoo yake, akapanua miguu kama golikipa. Wakili aliyekuwa ameshachomoa leso akairudisha mfukoni.

Kijana akatokea kwenye kona, koti lilelile, kisanduku kilekile. Akavuka mtaro, akawapa mkono wote, akasema kwa adabu yake ileile:

— Habari za hapa. Naombeni maji mnayokunywa.

— Hapana, mwanangu, akasema Birika. Hayo usituombe tena, tunakupenda mno. Omba yanayotoka.

Alisema hivyo akampelekea ile glasi. Kijana akacheka kidogo, hakuipokea. Birika akainamisha macho, akauona mkono wake mwenyewe wa pili. Ulikuwa umeshika kitambaa cheupe. Ulikuwa umeshaifuta glasi nje ikang'aa, na hakumbuki saa ngapi ulikitoa kiunoni.

Mpangaji mpya akanyoosha mkono, akakivuta kile kitambaa taratibu, akamfutia mtoto kamasi. Halafu akasogea pembeni, kijana apite bombani.