Rubani Wahabi Kamis na Kilomita Kumi na Mbili

Tarehe 31 Machi 1978 Rubani Wahabi Kamis anastaafu, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya ndege za kukodi hapa Kampala kwa miaka ishirini na miwili. Mimi, Oloya, ni fundi wake tangu 1965, na niliomba mwenyewe kuandika maneno haya.

Alianza kwa kupakia mizigo, akasoma, akapanda hadi kiti cha mbele. Chai yake ina vijiko vinne vya sukari. Utani wake hauna hata kimoja.

Kila Ijumaa kabla ya swala alipaa na ndege yetu kuukuu ya injini mbili, akazizima zote juu ya uwanja, akaiacha iteleze hewani huku akiandika daftarini. Mkewe, Bi Kaltumi, hakuambiwa. Kitabu cha kiwandani kilisema kutoka futi elfu tano ndege ile ingeteleza kilomita kumi na tano. Daftari lilisema kumi na mbili, tena mapanga ya propela yakiwa yamelazwa yasishike upepo. Marubani wapya aliwaonya kwa Kiswahili cha kwao Bombo: "Hapana vuta pua. Ndege nataka mbio, hapana taka maombi." Anayeinua pua ili afike mbali ndiye anayeanguka karibu.

Asubuhi moja ya Agosti 1974 tulikuwa na abiria watatu, wakubwa, wenye haraka. Niliomba dakika tano nitoe mafuta kidogo chini ya matangi ya akiba, nione kama pipa tulilojazia mafuta lilikuwa na maji. Wahabi akaniambia niache, waheshimiwa wanangoja. Wakati wa kurudi alifungua matangi hayo, injini zikafa zote mbili. Alikuwa futi elfu tano juu ya ardhi, kilomita kumi na moja kutoka uwanjani. Angeamini kitabu, angezungukazunguka akijaribu kuziwasha. Aliamini daftari, akaja moja kwa moja. Magurudumu aliyateremsha kwa mkono, baada ya kuvuka mapaa ya Bwaise, yasije yakashika upepo mapema, na hakuna aliyepata hata mchubuko.

Kesho yake walikuja watu kuuliza. Walikuwa na karatasi tayari: fundi alitia maji kwa makusudi. Ilibaki saini ya rubani tu. Mtu wa kabila linaloshukiwa, mwenye jina kama langu, angepelekwa wapi, sina haja ya kueleza. Wahabi aliirudisha, akaomba karatasi tupu, akaandika kwamba fundi aliomba dakika tano na yeye akamnyima. Walimuuliza siku tatu mfululizo, naye akarudia hayo hayo. Alivuliwa urubani miezi minane, akafagia karakana hii bila kununa. Niliogopa sana, na naona aibu kwamba sikumshukuru mbele ya watu. Namshukuru leo.

Tangu arudi kazini, hakuna ndege yetu inayoondoka bila zile dakika tano, abiria awe nani.

Mzee Wahabi, kapumzike. Wafanyakazi wote tunakuombea afya na siku nyingi za raha. Nyumbani kwangu Lubaga kuna watoto wanne. Wawili wamezaliwa baada ya karatasi ile, na wote wanakuita babu.