Majina Matatu ya Mama Sikujua

Katika teksi ya kwenda kiwanja cha ndege cha Bangboka, mama aliyeketi kando yangu alikuwa akimwonyesha simu bwana mwenye beji ya kiwanja hicho, ingawa walikuwa wamejuana tu tangu walipopanda pale Kabondo. Mimi nilitazama dirishani, lakini masikio niliyaacha ndani.

"Papa, andika hapa jina yangu, Sikujua na ile ingine mbili, utaona tu mutoto anacheza dansi. Mimi niko mwalimu. Kesho bazazi ba banafunzi banachagua directrice, mukubwa wa masomo yetu, na mimi niko kandida."

Mchezaji alikuwa ndoyi wake, binti wa kaka yake, aliyepewa majina yake yote matatu siku alipozaliwa.

"Bon, umuambie abadilishe jina kwa TikTok," bwana akasema. "Ao afute yote."

"Jina nilimupatia mimi mwenyewe. Sasa nianze kumunyang'anya?"

"Alors, weka picha yako ukiwa darasani. Bazazi bataona muko babili."

"Niliweka. Batu babili tu ndio balipenda."

Mmoja wao, nilikisia, alikuwa yeye mwenyewe.

Bwana akaitazama tena video, mara ya tatu, kwa uangalifu ambao ushauri wake haukuhitaji. "Mama, kusema kweli, huyu anajua kucheza. Nani alimufundisha?"

Teksi ikasimama langoni mwa kiwanja. Mama akaipokea simu yake, akaipangusa kioo kwa ncha ya kitenge.

"Ona hapa," akasema, kidole kikifuata bega la yule binti. "Anaharakisha. Mi namuambiaka kila siku, bega ishuke polepole."