Fundi Rasik na Uvungu wa Kiwanda

Wengi hudhani kwamba jengo la Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, huangushwa na baridi. Huangushwa na joto. Ardhi ya huko imeganda kwa maelfu ya miaka, ngumu kama zege. Ukiipasha moto inakuwa uji. Fundi Rasik, anayestaafu leo Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, ametueleza hivyo mara nyingi katika miaka yake thelathini na minne hapa karakana yetu ya vyumba vya baridi, Barking, London. Tulimsikiliza kwa adabu, tukaendelea na yetu.

Alianza kwa kufunga vyumba vya baridi vya mabucha ya Walthamstow. Hutambua ugonjwa wa kompresa kwa kuigusa kwa kiganja, na birika lake la chai halijawahi kuguswa na mtu mwingine.

Fursa ya Aktiki ilipofika, yaani samaki tele, bandari mpya na mji mdogo unaolilia ajira, wakurugenzi walijiona mabingwa. Nani atufundishe baridi, sisi tunaoiuza? Rasik alichora kiwanda cha samaki juu ya nguzo, ili upepo upite chini na joto la sakafu lisifike ardhini. Nafasi hiyo aliiita uvungu. Mkurugenzi wetu, Bwana Ravinder, alicheka: "Rasik bhai, uvungu ni wa kuwekea masanduku!" Ndivyo anavyofikiri mtu aliyekulia chumba cha kupanga Kilburn. Wakauziba kwa mbao, wakaufanya stoo, na hita wakaweka.

Mwaka wa pili kona moja ya kiwanda ilizama. Milango ikagoma kufunguka, na wafanyakazi arobaini wa mji ule wakakosa kazi. Euphrasie, mshonaji wetu wa mapazia ya plastiki ya milango ya vyumba vya baridi, aliiona picha ya kiwanda:

"Papa Rasik, nyumba ya ba-bosi inapiga magoti. Inaomba nini?"

"Inaomba uvungu, mama."

Wakurugenzi walimtunuku cheti. Jina lake walilikosea.

Rasik, asante kwa subira ambayo hatukuistahili. Upate afya, usingizi wa mchana, na majirani wanaosikia.

Wale arobaini sasa wanasubiri kiwanda cha pili. Michoro inatumwa leo saa kumi na moja jioni, na chini ya sakafu pamezibwa tena kwa ukuta; safari hii pameandikwa "maegesho ya baiskeli". Bwana Ravinder, kabla hujakata keki, futa ukuta huo kwenye mchoro.