Masoudi Likonde na Mpera Unaoitwa Dorotea

Baada ya miaka thelathini na minne kazini, Mzee Masoudi Likonde anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Kitalu chetu cha miche hapa Nachingwea kitabaki na mabomba, viriba vya kuoteshea na sisi, na sisi ndio tunaotia wasiwasi.

Aliajiriwa kumwagilia, akapanda hadi kuwa msimamizi. Mikorosho mingi inayozaa leo, kutoka Lionja hadi Ruangwa, ilipita mikononi mwake. Ni mtu wa maneno machache asubuhi na mengi mno baada ya chai, tena humaliza mihogo ya wenzake kisha akauliza nani kaimaliza.

Lakini jina lake limejengwa na mpera. Ni ule wa mapera mekundu ndani, ambao wakulima wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa huuita mdorotea, na tunda lake dorotea. Jina walilitumia wote, asili yake kila mtu alikuwa na yake. Wa Ruangwa waliapa kwamba Dorotea alikuwa sista wa misheni. Wa Kilimarondo walisema ni neno la zamani lenye maana ya utamu, ila la lugha gani hakuna aliyejua. Ulipokuja uamuzi wa kuondoa majina kwenye vibao vya miche na kuweka namba, Masoudi aliomba kwanza akamtafute mwenye jina.

Alimkuta kijijini Kiegei, anapepeta ufuta. Bi Dorotea alivuka mto Ruvuma na wazazi wake akiwa msichana, mbegu za mapera zikiwa kwenye pindo la kanga ya mama yake. Baadaye aligawa miche kwa majirani, nao, kama ilivyo desturi ya huku, wakauita mti kwa jina la aliyeutoa. Kwamba hata Ruangwa watu wanakula dorotea hakuwa na habari, akacheka mpaka ungo ukamponyoka. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi watoto nilizaa, wote nimewazika. Kama jina langu liko kwenye mti, niachieni."

Masoudi alirudi amebadilika. Namba zilipoletwa alizibandika nyuma ya kibao, na mbele akaandika kwa brashi: DOROTEA. Aliitwa ofisini kujieleza zaidi ya mara moja, na kila alipotoka alikwenda kukoleza rangi. Mwishowe uongozi ulichoka kabla yake. Bi Dorotea alifariki mwaka juzi, na watoto wa Ruangwa bado wanamtaja wakiwa juu ya mti.

Mwezi uliopita tulipendekeza mndimu wetu mpya uitwe kwa jina la Masoudi. Alikataa katakata, akisema jina la mti hutolewa na majirani, si ofisi. Wiki iliyofuata alikuja mama mmoja wa Lionja, Bi Saada, akaomba miche ya mmasoudi. Hatukumwelewa. Akatufafanulia kwamba ni mchungwa ambao mzee wa kitalu aliwahi kumpa jirani yake, na siku hizi kijiji kizima kinao na kinauita hivyo. Mzee wetu alikuwa hapo hapo nyuma ya viriba. Mpira wa maji uliendelea kumwagilia viatu vyake, naye hakuuondoa.

Mzee Masoudi, tunakushukuru kwa moyo wote. Nenda ukapumzike na afya njema, na mihogo iwe ya kwako mwenyewe. Kibao cha mmasoudi tumeshakiandika, kwa brashi yako.