Sauti Iliyotoka Kwenye Buti

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, mpokea wageni wetu anastaafu. Kwenye mkataba wake kuna majina matatu, lakini hapa karakanani hakuna anayeyatumia. Hata mkurugenzi, ambaye amemzidi umri, humwita Shangazi. Wageni hudhani ni undugu wa kweli, na wakikaa nasi wiki moja nao huanza kumwamkia.

Kwa wasiotufahamu, kazi yetu ni kubuni vitu ambavyo bado havipo: magari yasiyo na usukani, viti vinavyojikunja vyenyewe, mabirika yanayoongea. Vingi huishia kuwa mifano ya udongo na plastiki, hupelekwa maonyeshoni, hupigwa picha, kisha hurudishwa stoo. Shangazi alipoajiriwa alidhani anakuja gereji. Siku ya kwanza alionyeshwa gari lenye umbo la yai, halina injini wala milango. Akalizunguka taratibu, akauliza kwa huruma, "Mwenyewe amelikataa?"

Miaka ya mwanzo alikaa mapokezi, akipokea simu na wageni. Alikuwa na kipaji adimu cha kumwondoa msumbufu mlangoni huku msumbufu mwenyewe akishukuru. Ingeweza kuishia hapo, lau si birika.

Birika hilo la umeme lilipaswa kumwonya mtu asiliguse likiwa la moto. Tulikuwa tumemkodi mtangazaji mwenye sauti ya asali, na kwa unyenyekevu mkubwa akatamka kwamba mtumiaji anaombwa awe mwangalifu. Waliolijaribu walitabasamu, wakaligusa. Siku ya kurekodi upya mtangazaji akapigwa na mafua, Shangazi akaitwa asome badala yake. Aliitazama karatasi, akavua miwani, akasema kwenye kipaza sauti: "Haya, weka mkono uone." Majaribio yaliyofuata hayakuunguza mtu.

Tangu hapo kila kitu tulichobuni kilisema kwa sauti yake. Friji ilimwambia aliyekuwa akiifungua kila mara, "Ni vile vile ulivyoviacha." Kiti cha ofisi kilisema, "Kaa wima, hujachoka kiasi hicho." Mumewe, mwalimu wa hesabu, alipewa birika moja alitumie nyumbani kwa majaribio. Alilirudisha mapema, kwa adabu, akieleza kwamba halina kasoro yoyote ila yule aliye naye anamtosha.

Kisha ukaja mwaka mbaya. Wateja walipungua, na uongozi ukatangaza kwamba gari letu jipya lisipopata mnunuzi kwenye maonyesho, karakana itafungwa. Lilikuwa gari la kujiendesha, la abiria mmoja, na sifa yake kubwa ni kwamba abiria angeliuliza chochote nalo lingemjibu. Asubuhi ya maonyesho gari lilitembea vizuri kabisa, lakini mtambo wa kuongea ukazima. Fundi sauti aliufungua wote, akaufunga, akabaki na skrubu mkononi na machozi machoni. Kwa mbali tulimwona mgeni tuliyemngoja, mkuu wa kampuni kubwa ya mabasi, akija na wasaidizi wake.

Shangazi alikuwa pale kugawa vipeperushi. Aliuliza buti la gari lina nafasi kiasi gani. Hatujamjibu, tayari alikuwa amevua viatu.

Basi mgeni akapanda, gari likaanza kuzunguka uwanja polepole, na Shangazi akiwa amejikunja nyuma na kipaza sauti kilichounganishwa na spika za gari. Sisi tulisikiliza kupitia spika ya fundi. Mgeni aliuliza kuhusu betri, akajibiwa sawasawa, maana Shangazi alikuwa amesikia maelezo hayo mapokezi hadi akayakariri. Akauliza kama kiti kinasafishika. "Kinafutika," gari likasema, "ila humu usile."

Hapo simu ya mgeni ikaita, akaizima.

"Si upokee?" gari likauliza.

"Ni mama tu. Anataka kujua kama nimekula."

Gari likauliza tena: "Sasa hapo swali gumu liko wapi?"

Mgeni akapiga simu. Mzunguko mzima uliofuata aliongea na mama yake, akacheka, akaahidi kwenda Jumapili, huku sisi tumejishika vichwa kando ya uzio. Aliposhuka alikuwa mtu mwingine. Alisema hajawahi kukutana na mashine yenye busara kama hii, na kwamba yuko tayari kusaini sasa hivi. Mkurugenzi alikuwa ameshatoa kalamu.

Ndipo gari likasema, "Baba, usisaini."

Mkurugenzi akageukia gari.

"Mashine imezima tangu asubuhi. Huyu anayeongea ni mtu, na mguu umekufa ganzi. Nifungulieni."

Mgeni mwenyewe ndiye aliyefungua buti. Alimkuta Shangazi amekunjwa kama shuka, viatu kwapani. Wakatazamana. Mgeni akaamkia, "Shikamoo." Shangazi akaitikia marahaba, akamwomba mkono ashuke.

Gari halikununuliwa. Safari ya kurudi mkurugenzi alitazama dirishani njia nzima. Shangazi alitusimulia baadaye kwamba mle ndani hakuogopa giza. Aliogopa sura zetu, kwa sababu alijua neno lake moja linaweza kututoa sote kazini. Lakini mtu aliyemsikiliza mpaka akampigia mama yake, alisema, hawezi kumwacha atapeliwe.

Wiki iliyofuata mgeni yule alikuja mapokezi bila miadi. Hakutaka gari. Alitaka sauti ya Shangazi kwenye mabasi yake yote, itaje vituo kwa ajili ya abiria wasioona na wale wanaosinzia. Yalikuwa mabasi ya kweli, yenye usukani na dereva. Kazi hiyo ndiyo iliyoiacha milango yetu wazi hadi leo, na ndicho kitu chetu cha kwanza ambacho hakikurudi stoo. Mkurugenzi alimwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote. Shangazi akamwambia akae, chai inapoa.

Wiki iliyopita alirekodi mara ya mwisho, tangazo la kituo cha mwisho: "Tumefika. Asanteni kwa kusafiri nasi, shukeni salama." Alipofika kwenye "salama" sauti ilimkatika. Akasingizia vumbi, akarudia vizuri, akamwagiza fundi sauti afute ile ya kwanza. Fundi akasema ameifuta.

Shangazi, unapoyasoma haya ndipo unapojua: hakuifuta. Ndiyo iliyomo kwenye mabasi.

Tunakushukuru kwa kila mgeni uliyempokea na kila mmoja wetu uliyemnyoosha. Nenda salama, uwe na afya, usingizi wa mchana usio na simu, na wajukuu wanaosikia wakiambiwa mara moja.