Karatasi ya Katoo

Benchi letu liko nyuma ya soko la mifugo Kitengela, na kahawa ni ya Jeylani, anayekujazia kikombe kabla hujaomba. Tangu tumzike Katoo Alhamisi, hakuna aliyekalia nafasi yake. Ndume wa ng'ombe alimchoma kwa pembe mguuni, mguu ukavimba, akapelekwa hospitalini wiki ya pili na hakurudi. Majibu ya maabara yalitoka baada ya mazishi. Asubuhi binti yake, Whitney, alimwachia Wahome karatasi ya majibu hayo amsomee, akasema atakuja kuichukua jioni. Wahome tunamwita Darubini kwa sababu alifagia maabara miaka kumi na tisa.

Wahome: Inasema ni bakteria za mviringo. Sasa mviringo iko na aina. Zikijipanga laini moja kama ushanga, hiyo ni moja. Zikishikana kama zabibu kwa kichala, hiyo ni ingine. Ya Katoo ni ya zabibu.

Munguti, tunayemwita Wakili kwa ubishi wake tu, hakukawia.

Munguti: Za laini zimetoka Namanga, mpakani. Si huko lori hukaa foleni mpaka zinazoea?

Jeylani: Na za zabibu?

Munguti: Rongai. Ploti moja, nyumba arobaini, choo mbili. Lazima zishikane.

Wahome: Wewe, hata kwa ngozi yako ziko, zimetulia. Zinangoja mlango tu.

Munguti: Ndio wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hakuna aliyecheka. Aliyekuwa akizichekea methali za Munguti ni Katoo.

Jeylani: Darubini, hizo za zabibu, penisilini inaziua?

Wahome: Za ushanga inaua. Hizi, mara mingi hapana.

Nilijua angesema hivyo. Chupa tuliyomtibia Katoo niliinunua mimi, kwa duka la agroveti, penisilini ya ng'ombe. Munguti alipiga hesabu: ndume kilo mia nne, Katoo themanini, basi apewe sehemu moja ya tano. Wahome alimdunga siku sita, hapa hapa kwenye benchi. Mifugo yetu tunaitibu hivyo, na Katoo alisema sindano ya marafiki haiumi. Siku sita hizo angekuwa kwa daktari.

Munguti: Labda zilianza zikiwa za laini. Zikaogopa sindano, zikakimbiliana, zikakuwa zabibu.

Wahome: Labda.

Munguti: Ama maabara ilichanganya mguu. Watu wa kuumwa mguu ni wengi.

Wahome: Inaweza.

Whitney alifika. Alituinamishia kichwa mmoja mmoja tumguse, vile wasichana wa Kimaasai huamkia baba zao.

Whitney: Poleni kuwasumbua, baba zangu. Niko na swali moja tu. Daktari aliniuliza kama mzee alikuwa anatumia dawa yoyote nyumbani. Nikamwambia hapana. Nilisema ukweli?

Jeylani alimmiminia kahawa, akakomea nusu kikombe. Wahome alimrudishia karatasi bila kumtazama. Whitney akaketi nafasi ya babake, akashika kikombe kwa mikono miwili, akangoja.